Mlango wa Kijani Usiofunguka: Kisa cha Kijana wa Lamu na Super Metroid

Kijana wa miaka 13, mkaazi wa Langoni hapa Lamu, alikwama ndani ya gemu ya video ya Super Metroid mahali ambapo wachezaji wengi hupita tu. Hakuna bosi aliyemshinda, wala shimo aliloshindwa kuliruka. Alikwama mlangoni. Kila akifika kwenye mlango mmoja wa kijani katika eneo la Brinstar huupiga makombora matano, mlango usitikisike, arudi nyuma kusaka makombora mengine, kisha aje kuupiga upya. Nyumbani walishasema ana papara. Wenzake barazani walisema hajui kucheza. Mimi ni ami yake, nduguye babake, na nimekaa naye mbele ya skrini ile muda wa kutosha kusema kwa yakini kwamba mtoto alikuwa akizifuata sheria za gemu barabara. Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu sidhani ni yeye peke yake pwani hii anayeambiwa mzembe kwa jambo kama hili.

Kwa asiyeijua, Metroid ni mfululizo wa gemu za bunilizi ya kisayansi ulioanza Japani mwaka 1986. Mchezaji ni Samus Aran, mwanamke mwindaji aliyevaa deraya, anayeshuka peke yake ndani ya sayari na kutafuta njia. Super Metroid ni ya tatu katika mfululizo, ya mwaka 1994. Haina levo zilizopangwa moja baada ya nyingine. Sayari Zebes ni vyumba vilivyounganishwa na vyumba, juu na chini, na kinachokuzuia usiende utakako ni milango.

Milango hiyo ndiyo roho ya gemu, na lazima nieleze kanuni zake kwa sababu kisa chote kimesimama juu yake. Kila mlango ni kifuniko cha mviringo kilichobana kwenye ukuta. Wa bluu hufunguka kwa risasi yoyote. Wa pinki hutaka makombora matano ya kawaida, au kombora kubwa moja. Wa kijani hautaki ila kombora kubwa. Wa manjano hutaka bomu kuu. Wa kijivu hausikii silaha yoyote mpaka utimize sharti lake: umuue bosi wa mahali pale, au uwamalize maadui waliomo chumbani. Mlango wa pinki, wa kijani au wa manjano ukishafunguka mara moja hugeuka bluu, na hubaki bluu.

Mpango huu naupenda kwa dhati. Unapita mbele ya mlango usio na ufunguo wake, unauweka moyoni, unaenda zako mbali, na saa nyingi baadaye ukipata silaha mpya unakumbuka: kule chini kushoto palikuwa na mlango wa manjano. Kizuizi kinakuwa ahadi. Metroid ya 1986 ilikuwa tayari na mlango mwekundu wa makombora matano, na gemu nyingi sana za miaka iliyofuata zimejengwa juu ya wazo hilo hilo. Kwa hiyo ninayoyasema hapa chini nayasema kwa kuijali kazi hii. Silalamikii kufuli. Nazungumzia namna kufuli linavyojitambulisha.

Turudi kwa kijana. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba hakuwa akikosea ovyo. Milango ya bluu alipita bila kufikiri. Mlango wa manjano alipouona mara ya kwanza, kabla hajapata bomu kuu, aliutazama, akasema “huu bado,” akaenda zake. Hakuutupia hata kombora moja. Mtu wa papara hafanyi hivyo. Makombora yake yote yaliyopotea yalipotelea kwenye aina mbili tu za mlango, wa kijani na wa kijivu, na yote aliyapiga kwa hesabu ile ile, matano, kama mtu aliyeamini kwamba mbele yake pana mlango wa pinki.

Nikamsimamisha mbele ya ule wa kijani.

“Huu wa rangi gani?”

“Ule ule, Ami. Wa makombora matano.”

“Nimekuuliza rangi.”

Akanyamaza, akasogeza uso karibu na skrini. “Pinki,” akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, “au ule mwingine.”

Hapo mamake akajibu kutoka jikoni, bila hata kuja kutazama: “Shemeji, huyo amechukua kwa mjombake.”

Mjombake ni nahodha wa mashua, mtu wa Matondoni. Sheria za bahari duniani kote zinataka chombo kiwashe taa nyekundu upande wa kushoto na ya kijani upande wa kulia, ili anayekutana nacho usiku ajue kinaelekea wapi. Kwa yule nahodha taa hizo mbili zimekuwa taa tu tangu ujana wake. Nilipomuuliza anafanyaje kwenye mlango wa bahari wa Manda usiku, alinieleza bila haya wala kujigamba. Huweka omoni, mbele ya chombo, baharia mwenye macho mazuri amwambie rangi, na yeye mwenyewe huutazama mwendo wa taa. Taa ikihama ukiitazama, chombo kinapita. Ikibaki pale pale huku inakua, kinakujia, na hapo rangi haina habari, ni kugeuza usukani. Amepita hivyo miaka yote. Nduguze wanajua, mabaharia wake wanajua, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba jambo la baharini lingetokea sebuleni kwenye gemu ya mtoto.

Kijana alipelekwa kupimwa macho, kama naye ana upofu wa rangi. Kipimo chenyewe ni kitabu cha Ishihara, daktari wa Kijapani aliyekitoa mwaka 1917: kurasa zilizojaa madoa ya rangi, na ndani ya madoa imefichwa tarakimu. Ukurasa wa kwanza una 12, na huo kila mtu huusoma, mwenye tatizo na asiye nalo. Kijana aliusoma papo hapo. Ukurasa wa pili macho ya kawaida huona 8. Yeye alisema 3, na alilisema kwa uhakika ule ule aliosemea 12. Hilo la uhakika ndilo lililonikaa. Asiyeona vizuri mbali hujua kwamba haoni, kwa kuwa kitu kina ukungu. Huyu hakuwa na ukungu wowote. Alikuwa akiona mlango safi kabisa, wenye kingo zake na mng’ao wake, na kuuhesabu kuwa mlango mwingine.

Sababu yake inajulikana. Nyuma ya jicho mna seli za aina tatu zinazogawana kazi ya rangi. Jeni za mbili kati ya hizo, za mwanga mwekundu na wa kijani, zimekaa jirani kwenye kromosomu ya X. Mwanamke ana X mbili, kwa hiyo moja ikiwa na hitilafu nyingine humstiri. Mwanamume anayo moja tu, na hiyo huitoa kwa mamake. Ndiyo maana upofu huu wa rangi huruka kutoka kwa mjomba hadi kwa mpwa, na mama aliye katikati anaona rangi zote sawasawa. Si kosa la mama, na hilo lilibidi lisemwe wazi nyumbani, kwa sababu watu walishaanza kuuliza mtoto “kayatoa wapi”. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, karibu 1 kati ya 12 ana hali hii kwa kiwango fulani. Kwa wanawake wao ni kama 1 kati ya 200. Kwetu Afrika vipimo kwa kawaida hutoa idadi ndogo zaidi, lakini darasa kubwa la wavulana laweza kabisa kuwa na mmoja wao.

Mwenye upofu wa namna hii haoni dunia nyeusi na nyeupe. Bluu na manjano ziko vizuri kwake, na ndiyo maana kijana hakukosea milango hiyo hata mara moja. Zinazomchanganya ni rangi zilizopangana kati ya wekundu na ukijani: aina fulani ya kijani, kijivu, na pinki iliyofifia huweza kumfikia kama rangi moja. Sasa tazama orodha ya milango ya Super Metroid. Pinki, kijani, kijivu. Milango mitatu yenye maana tatu tofauti kabisa: wa kwanza unasema “nipe matano,” wa pili “huna ninachotaka,” wa tatu “risasi haihusiki hapa.” Na mitatu yote ina umbo moja. Kifuniko ni kile kile, ukubwa ni ule ule, mng’ao ni ule ule. Hakuna alama, hakuna maandishi. Rangi ndiyo inayobeba maneno yote.

Nyumba yao ina mlango wa zamani wa nakshi, mbao mbili zinazofungukia ndani, mfaa katikati, mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu. Babu yake kijana alipopoteza nuru ya macho uzeeni alikuwa akirudi kutoka msikitini na kuutambua mlango wake kwa kiganja, akipapasa mfaa, kisha mnyororo, kisha lile waridi lililoliwa kidogo na mchwa chini upande wa kulia. Fundi aliyeuchonga hakuwa akiwafikiria vipofu. Aliweka tofauti ndani ya mbao, basi ikabaki pale kwa yeyote atakayeifikia kwa njia yoyote.

Mtu anaweza kujibu kwamba mwaka 1994 mashine hazikuwa na uwezo. Sikubali, na ushahidi umo ndani ya mfululizo wenyewe.

Metroid II ya mwaka 1991 ilitengenezwa kwa Game Boy, mashine ya mkononi ambayo skrini yake haikuwa na rangi, ila vivuli vinne tu kutoka kweupe hadi kweusi. Mbunifu hakuwa na pinki wala kijani ya kuegemea. Kizuizi kikuu alichotumia ni maji ya sumu yaliyojaa njia za chini. Ukiwaua viumbe wote wa eneo lile ardhi inatetemeka, maji yanashuka, na palipokuwa pamefungwa pana njia. Mtu wa macho yoyote anaelewa, kwa sababu kizuizi chenyewe kimeondoka na mtikisiko umemwambia kwamba kimeondoka. Naona ni mojawapo ya vizuizi bora vya mfululizo mzima, na kilizaliwa kwa kunyimwa rangi.

Metroid Fusion ya 2002 ilirudi kwenye rangi, hata zaidi: milango ya kituo cha angani imegawanywa kwa ngazi za usalama, bluu, kijani, manjano, nyekundu, na kila ngazi hufunguliwa kutoka chumba maalumu. Ukisoma orodha hiyo utadhani mambo yamezidi kuwa magumu kwa kijana wetu. Hapana. Ngazi ikishafunguliwa, milango ya rangi ile hufunguka kwa risasi ya kawaida isiyogharimu kitu. Ukiukosea mlango umepoteza risasi moja ya bure na nusu sekunde. Rangi pale ni taarifa ya kukupunguzia mwendo. Haikutozi kwa kutoielewa.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha kisa. Swali la kuuliza kuhusu kizuizi cha rangi halikomei kwenye kama kila mtu anaiona. Uliza pia asiyeiona anatozwa nini. Katika Super Metroid kila kifurushi cha makombora huongeza uwezo wako kwa matano, na mlango wa pinki hutaka matano. Mwanzoni mwa gemu, basi, kuubahatisha mlango mmoja ni kutoa kifurushi kizima, tena unaingia chumba kinachofuata mikono mitupu. Kijana alikuwa akilipa bei hiyo kila mara, kisha anatumia muda mrefu kuua wadudu wadogo wanaodondosha makombora ili ajaze tena. Waliomtazama waliona mtoto anarudia kosa. Walichokuwa wakikitazama ni mtoto anayelipishwa mara mbili kwa tiketi moja.

Metroid Prime, nayo ya 2002, iliyotengenezwa na Retro Studios huko Texas, ina mfano wa tatu. Humo mlango wa bluu hutaka silaha yoyote, wa zambarau, mweupe na mwekundu kila mmoja hutaka mwali wake maalumu. Zambarau na bluu ni jozi nyingine inayowachanganya watu kama kijana huyu. Ila Samus wa gemu ile ana miwani ya kuchunguza: unaulenga mlango, unasubiri kidogo, na maandishi yanakueleza mlango huo unafunguliwa na nini. Mbunifu hakuondoa rangi. Ameweka mlango wa pili wa kupitishia habari ile ile, na anayehitaji anaujua ulipo.

Katika Super Metroid habari hiyo ya pili ipo pia, ila imejificha, na kuipata kulitokana na jambo la nyumbani. Kijana alikuwa akicheza bila sauti. Bibi yake hulala baada ya adhuhuri, chumba ni kimoja na televisheni, kwa hiyo sauti huzimwa. Siku bibi aliyokwenda kwa jamaa zake Shela tukaiongeza. Akaupiga mlango wa pinki kombora moja: ukamemeta na kutoa mlio wa kitu kilichopokea pigo. Akaupiga wa kijani kombora moja: mlio mzito, mkavu, wa kitu kisichojali. Akageuka kunitazama. Hakuhitaji kuelezwa.

Tangu hapo kanuni yake ni kombora moja, kisha sikiliza. Mlio wa kupokea, malizia manne. Mlio mkavu, ondoka, andika kwenye daftari. Gharama ya kosa imeshuka kutoka matano hadi moja, na bibi akilala anavaa vipaza sauti vya masikioni. Amepiga hatua kubwa. Alishamshinda Spore Spawn, bosi wa Brinstar anayemwaga vumbi la mbegu, akapata kombora kubwa lake la kwanza, na milango mingi iliyokuwa imeandikwa daftarini amerudi kuifungua akiwa na shangwe ambayo mimi mwenye macho yote sikuipata nilipoifungua.

Tulijaribu pia mipangilio ya mashine yenyewe, kwa kuwa aliyonayo inaruhusu kubadili rangi za skrini nzima. Haikusaidia, na inafaa kueleza kwa nini ili mzazi mwingine asipoteze muda. Chaguo moja hugeuza rangi kinyume. Lakini kinyume cha pinki huangukia upande wa kijani, na kinyume cha kijani huangukia upande wa pinki. Umebadilishana majina ya vitu viwili ambavyo mtoto havitofautishi. Chaguo jingine huondoa rangi zote, na hapo hata bluu na manjano alizokuwa akizitegemea zinakwenda. Dawa ya kweli ingekuwa ndani ya mchoro wa mlango. Picha ya gemu ile ya 1994 ilikuwa na nukta 256 kwa 224, na kifuniko cha mlango kina nafasi ya kutosha kuchorwa vitone vitano kwa wa pinki, kimoja kikubwa kwa wa kijani, mstari uliokatiza kwa wa kijivu. Kijana amevichora daftarini kwake, na hivyo ndivyo anavyoweka ramani yake. Jina la rangi haliandiki tena.

Bado kuna tatizo moja ambalo mlio haujalitatua. Mlango wa kijani na wa kijivu vyote hutoa mlio mkavu kwa kombora la kawaida. Kuvitenganisha, atumie kombora kubwa, nayo anayo machache na mlango wa kijivu utalimeza bure. Nilimpa njia mbili. Ya kwanza ni kuuliza mlango ulitokea vipi: kama ulijifunga nyuma yake alipoingia, au chumba kina maadui waliobaki, auhesabu wa kijivu na apigane kwanza. Ya pili ni kuangalia mmemeto, kwa sababu mlango wa kijivu ambao sharti lake limetimia huanza kuwaka na kuzima, na hilo analiona vizuri. Njia ya kwanza inamfaa vyumba vingi. Ila anapokutana na mlango wa kijivu kwa mbele, ambao sharti lake liko mbali upande mwingine wa sayari, hana la kumsaidia, na huniita: “Ami, njoo mara moja, niambie tu huu ni upi.” Naenda, namwambia, narudi kwenye shughuli zangu.